Maji Yaliyopewa Jina

Bibiane alifundisha darasa la sita Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, miaka ile chama pekee kilichotawala nchi kilipokataza majina ya ubatizo na kumwita kila mtu sitwayen, yaani raia. Somo la dini lilikuwa limeondolewa. Mahali pake zikawekwa hadithi za kale, na mjumbe wa chama, Sitwayen Kasongo, alikaa nyuma ya darasa kusikiliza. Mwalimu asiyemridhisha alipoteza kazi.

Siku hiyo Bibiane alisimulia jinsi watu wa Babeli ya kale walivyoeleza kuumbwa kwa dunia. Hapo mwanzo maji yalikuwa yamechanganyika, hakuna kitu chenye jina. Mungu kijana akamchinja mama wa maji, akampasua vipande viwili kama samaki wa kukausha, kimoja kikawa mbingu, kingine dunia. Kisha akajifanya mfalme, na watu wakaumbwa ili wabebe mizigo ya miungu.

Kasongo akapiga makofi. "Batoto, munasikia? Zamani, mbele ya chama, kulikuwa fujo tu! Nani alileta utaratibu?"

"Sitwayen, minye sijamaliza," Bibiane alisema. "Bantu bengine banasimulia hivi: Mungu hakuchinja maji. Aliyaambia yakae mahali yao, akayapatia jina. Hakuna muntu alikufa."

"Weye unafanya politiki!"

"Minye niko nasema maji tu."

Watoto wakacheka. Kasongo akasimama. "Uambie batoto sasa hivi: chama kilimaliza fujo. Ama unataka gereza ya Buluo?"

"Kule Buluo kuko utaratibu sana, sitwayen. Asubuhi banahesabu bantu, mangaribi banahesabu tena. Kuko muntu anaumbwa kule?"

Bibiane aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa, jina lake la ubatizo lililokatazwa: Bibiane. Akaweka chaki mezani, akatoka kabla hajafukuzwa.

Nawajua walimu wenye diploma waliosema walichoamriwa, wakauita woga wao busara. Utaratibu unaodai maiti, au ulimi wa mtu, ndiyo fujo yenyewe iliyovaa abakosti, koti lile la wakubwa wa chama.

Buluo hakupelekwa, lakini darasa hakupewa tena. Aliuza makayabu, samaki wale wa chumvi, sokoni. Wazazi wa wanafunzi wake waliokuja kununua wangeweza kumwita "mama" tu, na ingetosha. Hawakufanya hivyo. Waliita kwa mbali, kwa sauti, askari wakisikia: "Mwalimu Bibiane!"

Naye aliitika.