Computer ya mbizi inayochora kandege bila kusema masaa: yaliyonikuta Goma

Wakuu, salama? Niko Goma. Ninayoandika hapa yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mutu.

Kila nikifungua nyuzi za kuchagua computer ya mbizi, ile ya kuvaa mkononi inayokuambia umeshuka kina gani na upande lini, munabishana juu ya rangi ya kioo na bluetooth.

Bluetooth ya nini chini ya maji jamani? Munanichosha kweli.

Yangu niliinunua juu ya wembamba wake, inapendeza na shati la mikono mirefu. Basi sikilizeni.

Ile Jumamosi vita ilikuwa bado mbali, ndivyo watu walisema. Mimi na rafiki yangu tukapiga mbizi mbili asubuhi ndani ya Kivu. (Ndiyo, Kivu watu wanapiga mbizi. Si wengi, lakini tuko.)

Nikarudi nyumbani Katindo na njaa yangu, nakuta bibi yangu, mama wa watoto wangu, Mama Grâce, anafunga magodoro juu ya jeep ya baba yake, muzee Bahati. Mabomu yalishaanza kusikika upande wa Kibumba.

"Tunapanda Masisi," muzee akasema. "Ingia."

Nikatazama mkono. Computer imechora kandege kenye mstari. Maana yake usiruke kwa ndege, mwili bado una gesi ya kule chini.

Na kupanda milima ya Masisi mara tu baada ya mbizi ni sawa na kuruka. Ile gesi inafanya mapovu kwenye damu, unaweza kupooza. Chumba cha kutibu kitu hicho hapa hakuna, na aéroport ilishafungwa, hakuna ndege ya kukupeleka kwingine.

Jaribu sasa kumueleza muzee hayo, mabomu yanalia.

"Ndege gani? Unaona ndege hapa? Hii ni jeep!"

"Papa, shida si ndege, shida ni mulima."

"Wenzako wanakimbia vita, wewe unakimbia mulima?"

Bibi yangu peke yake ndiye aliuliza la maana: "Mpaka saa ngapi?"

Hapo nilitaka kuitupa ile takataka. Haisemi masaa! Inachora kandege, basi. Ni jioni? Ni kesho? Nikamujibu sijui.

"Ungenitajia saa, ningengoja," muzee aliniambia baadaye. "Lakini nitangoja 'sijui' mpaka lini?"

Mama Grâce akapanda na watoto. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Akaniachia sufuria ya maharage, wakaenda.

Kandege kakatoweka kesho yake asubuhi. Barabara ya Sake, ile ya kwenda Masisi, ilishafungwa. Réseau ya simu hakuna. Nilikaa majuma na majuma sijui kama wako hai.

Kwa hiyo wakuu, mukienda dukani ulizeni kwanza: inaandika masaa ya kungoja, ama inachora tu? Na inajua maji ya mulimani? Kivu si bahari, ni ziwa la juu milimani. Wenye kupiga mbizi sehemu za juu, semeni munatumia ipi.

Ila musianze kuniandikia "pole mkuu, bora uzima". Uzima tunao, namushukuru Mungu. Lakini mutoto wetu wa mwisho aliondoka hapa anatambaa. Siku walirudi alishuka kwenye jeep, akatembea kwa miguu yake, akanitazama, akajificha nyuma ya mama yake.