Wasomaji wa Mlango wa Nyuma

Saa tano na nusu asubuhi, Pyo Sun-hye anachora mvuke.

Mvuke hauchorwi kwa mstari, anasema bila kugeuka. Anapaka weupe juu ya weupe kwenye kioo cha bodi yake ya kuchorea, kisha anaufutafuta kwa ncha ya kalamu mpaka mabega ya mwanamke mzee yanajitokeza, kama mtu anayeinuka polepole kutoka kwenye maji ya moto. Mkono wake wa kulia umefungwa bandeji ya kubana, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Chumba ni kimoja, ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la Yeokgok mjini Bucheon. Kuna kitanda, meza, jiko la umeme na sufuria yenye mabaki ya tambi za jana. Pazia limefungwa kwa sababu jua linamdanganya macho asione rangi sawasawa. Huko chini muuza mboga anatangaza bei ya figili kwa kipaza sauti. Kuna siku, anasema Sun-hye, ambazo hiyo ndiyo sauti pekee ya binadamu anayoisikia.

Saa sita mchana, sura mpya ya hadithi yake ya katuni, "Bafu la Mtaa wa Chini", inafunguliwa mtandaoni kama kila Jumatano kwa miaka minne sasa. Sun-hye anaweka kalamu. Hafungui ukurasa wake. Anafungua wa wezi.

"Leo wamechelewa," anasema.

Chai haijapoa. "Haya. Wamefika."

Ni picha zake zile zile, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ila sasa zina nembo ya tovuti ya wizi iliyogongwa juu ya ule mvuke. Pembeni matangazo ya kamari yanapepesa mekundu na manjano.

"Tazama," anasema Sun-hye, akinyoosha kidole bila kugusa kioo. "Wamempiga bibi muhuri usoni."

Sun-hye ana miaka arobaini na moja. Alizaliwa Gunsan, mji wa bandari, mtoto pekee wa mjane aliyekuwa akisugua migongo ya watu kwenye bafu la umma. Mama huyo, Chae Bun-im, aliifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa. Binti alifanyia kazi zake za shule kwenye chumba cha kubadilishia nguo, katikati ya wanawake waliokuwa wakikausha nywele na kusengenya waume zao.

"Hadithi zote ninazozijua nilizisikia pale," anasema. "Mtu akivua nguo, anavua na siri."

Kwa miaka kumi na moja alichora milango, ngazi na madirisha kwenye katuni za watu wengine. Jina lake halikuonekana popote. Alipopata hadithi yake mwenyewe, alimchora Bibi Deok-sil, msugua migongo mwenye mdomo mrefu na moyo mlaini, na wasomaji wakampenda kuliko alivyotarajia.

Mapenzi hayo yana mzigo wake. Wachoraji wengi siku hizi hununua picha za vyumba zilizokwisha kutengenezwa kwa kompyuta na kuwatia watu ndani. Sun-hye huchora kila kigae cha bafu kwa mkono, chenye ufa na kisicho na ufa. Wasomaji wanakimaliza kigae hicho kwa kufumba na kufumbua.

"Mbona fupi hivi?" mmoja aliandika. "Nimemaliza lifti haijafika hata ghorofa ya tano."

Mwingine akaandika: "Mwalimu, ukimuua Bibi Deok-sil mimi nahama nchi."

Kifundo cha mkono kilipovimba mwaka juzi na daktari akamkataza kushika kalamu, mashabiki walimtumia mamia ya pole. Anaikumbuka moja: "Pumzika mwalimu wetu, afya kwanza. Tuonane Jumatano."

Anacheka akiisimulia, lakini kicheko hakidumu.

Wanaotaka kusoma sura siku inapotoka, bila kusubiri ifunguliwe bure, hulipa won mia tatu, bei isiyotosha hata kununua peremende za maana. Ni hizo mia tatu zinazomlisha. Mhariri wake, Noh Gwang-il, anakadiria kwamba kwa kila mmoja anayelipa, watu sita wanasoma kwa wezi. Sun-hye alimwachisha kazi msaidizi wake wa kupaka rangi miaka miwili iliyopita, kwa kukosa cha kumlipa, na tangu hapo kiti cha pili kimewekwa maboksi.

Mwanzoni mwa kiangazi Noh alimpigia simu mchana.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula," alijibu Sun-hye, ambaye hakuwa amekula.

"Basi naomba ukae."

"Nimekaa tangu mwaka juzi, Noh. Sema."

Kampuni ilitaka hadithi ifungwe ndani ya sura kumi na mbili. Yeye alikuwa amepanga arobaini.

"Hadithi yangu inasomwa kuliko wakati wowote!" Sun-hye alisema.

"Inasomwa, ndiyo. Lakini haisomwi kwetu." Noh alishusha sauti. "Nimekupigania, mwalimu. Wakubwa wanatazama hesabu, hawatazami picha."

Wiki ile, kwa mara ya kwanza, Sun-hye alilipua kazi. Alichora watu wakiongea mbele ya kuta tupu nyeupe. Alijiambia kwamba kama mwisho ni huo, kwa nini aumize mkono? Sura ikatoka, na maelfu ya wasomaji wakacheka pale pale walipotakiwa kucheka. Hakuna aliyelalamika, ila mmoja tu, asiye na picha wala jina la kueleweka.

"Vigae vimeenda wapi?" aliuliza.

"Nililia kama mtoto," anasema Sun-hye. "Kumbe kuna mtu alikuwa anaviangalia."

Akarudi kwenye vigae. Na ndipo lilipomjia wazo. Mchoraji ana desturi ya kuandika maneno machache kwa wasomaji mwishoni mwa sura, lakini wezi huyakata maneno hayo na kubaki na hadithi. Kwa hiyo Sun-hye aliyaingiza ndani ya hadithi yenyewe. Alimchora Bibi Deok-sil akipanda kwenye kigoda na kubandika tangazo ukutani, juu ya mabomba, mahali ambapo huwezi kulikata bila kumkata na bibi: *Ndugu mteja uliyeingia kwa mlango wa nyuma, kuni za kuchemshia maji zinakwisha. Pita mbele.*

Wezi waliipandisha sura hiyo na tangazo lake, bila kujua wamebeba nini.

Majibu yalikuja ya kila aina. Kuna aliyesema kwamba anayetaka kulipwa akachimbe mtaro. Kuna aliyeandika, kwenye ukurasa halali safari hii: "Nimepita mlango wa nyuma miaka mitatu. Naona aibu. Nimeingia mbele." Wakafuata wengine, si wengi, lakini walifuata.

Kesho yake mama yake alipiga simu kutoka Gunsan.

"Mwanangu, hao watu wa mlango wa nyuma ni akina nani? Bafu letu halikuwa na mlango wa nyuma."

"Ni hadithi tu, mama."

"Nimeipenda. Wote tunaoshinda hapa nyumba ya wazee tumeipenda. Ila nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Wale wasichana wa chupi pembeni, ni lazima? Na ile kamari inayopepesa, macho yananiuma. Wenzangu wananiuliza, Mama Sun-hye, binti yako anachora na haya? Nikawaambia labda ndiyo yanayolipa."

Sun-hye anasema aliweka kalamu chini.

"Mama, nani alikuwekea hiyo kwenye simu?"

"Mzee Tak. Alituwekea sote, bure kabisa! Nikawaambia, mnaona? Binti yangu ana roho nzuri, hatozi wazee."

Alikuwa ameyachora maisha ya mwanamke huyo kwa miaka minne: mikono yake, utani wake, namna anavyogonga mgongo wa mteja mara mbili kumwambia ageuke. Na miaka hiyo yote mwanamke huyo alikuwa akijisoma kwa wezi, akijivunia.

"Mama," alisema, "na wewe unaniibia."

Akakata simu.

"Neno lilinitoka sijalitafuna," anasema sasa, akitazama bandeji yake. "Maji yalishamwagika."

Mama hakupiga tena. Kifurushi cha samaki wakavu na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kilichokuwa kikija kwa basi la Gunsan kila mwezi, hakikuja. Sikukuu ya mavuno ikafika, barabara zikajaa magari ya watu wanaokwenda kwao, soko likafungwa, na hata muuza figili akanyamaza. Sun-hye alikula wali wa dukani ulioviringishwa kwa mwani, akiwa amesimama, akachora. Anasema hakuwa na kazi ya haraka siku ile. Alichora kwa sababu bafuni kwa Bibi Deok-sil kulikuwa na watu.

Kilichotokea Gunsan wakati huo, mwandishi wa makala haya alikisikia kutoka kwa mama mwenyewe, kwa simu.

"Nilikwenda kwenye duka la simu," anasema Bun-im, mwenye miaka sabini na mitatu na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na maji yanayomwagika. "Nikamwambia mwenye duka, nitolee mlango wa mzee Tak, niwekee wa mbele. Akaniambia, bibi, huo unalipiwa. Nikamwambia, wewe kwani simu hizi unagawa?"

Kisha akaenda nyumba ya wazee, akazikusanya karata mezani katikati ya mchezo.

"Nikawaambia, anayesoma kwa Tak asiguse karata zangu. Wakapiga kelele! Tak akasema, ala, Mama Sun-hye, kitu kipo hewani, kesho mtatulipisha na jua? Nikamwambia, jua halina mama."

Walikaa siku kadhaa bila karata. Mwishowe walikwenda dukani mmoja mmoja. Tak alikwenda wa mwisho, akinung'unika njia nzima.

Sun-hye hakujua lolote mpaka Jumatano moja alipokuta ujumbe chini ya sura mpya, hauna nukta wala mkato: "Mimi ni mama wa mchoraji nimelipa sikujua mwanangu je umekula".

Mashabiki waliuvamia. "Shikamoo mama!" "Mama mkwe, mimi bado sijaoa!" "Mama, mwambie asimuue bibi!" Sun-hye aliusoma, akafunga ukurasa, akaufungua tena.

Alipiga simu jioni ile. Waliongea juu ya bei ya kabichi.

"Tunaongea sasa, na samaki wameanza kuja tena," anasema. "Lakini lile neno bado limekaa kati yetu, kama mgeni asiyeaga. Yeye halitaji. Mimi nalisikia."

Kampuni imeongeza sura nane. Si arobaini. Tovuti ile ya wezi ilifungwa na polisi mwishoni mwa kiangazi, na wiki hiyo hiyo ikazuka nyingine yenye jina lile lile na tarakimu moja zaidi. Sun-hye anaitazama kila Jumatano, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Bibi Deok-sil atakufa. Ameshaamua, na Noh amekubali baada ya kulalamika. Kwa sura kumi na mbili, anasema, ingebidi afe mbiombio, kama mtu anayekimbilia basi. Kwa ishirini anaweza kufa kwa heshima yake, wateja wake wakiwa wamemzunguka.

"Watanitukana," anasema. "Wanitukane. Wakimlilia, nitajua nilimchora vizuri."

Baada ya hapo atapumzisha mkono mpaka majira ya kuchipua. Amekwenda kuona chumba cha kazi karibu na kituo cha reli, juu ya duka la vitambaa, ambako wachoraji watatu wa katuni wanachangia kodi. Kuna meza ya nne iliyo wazi, karibu na dirisha. Wenyewe si waongeaji. Alipoingia, mmoja tu aliinua kichwa, akamsogezea bakuli la machungwa, akarudi kwenye kazi yake.

Sun-hye alikaa kwenye ile meza akala chungwa moja, kisha la pili. Anasema hakutaka kuondoka.

"Kila Jumatano nikimaliza sura hugeuka kumwambia mtu," anasema. "Nimekuwa nikigeuka miaka miwili, naona maboksi. Mwakani nataka nikisema 'nimemaliza', hata kama hakuna anayejibu, kuwe na mtu aliyesikia."