Mbegu za Mkondekonde Haziwekwi Akiba

Siku yangu ya kwanza katika bustani ya miche, juu ya Kirua Vunjo, nilimwamkia Mkuu wa Bustani shikamoo. Aliitikia huku akinitia jani mkononi.

"Ponda. Nusa."

Nikanusa lozi, kama vitamu vya maduka ya Wahindi mjini Moshi.

"Huo ndio mkondekonde. Macho yakikosea, pua itakusaidia."

Ninyi mnaoanza kazi hii, anzeni hapo hapo, msione haya kunusa. Kisha tazameni kikonyo cha jani, kina wekundu, na uso wa jani unang'aa kama uliopakwa mafuta. Gome ni jeusi, lenye magamba. Maua ni madogo, meupe, na tunda dogo la zambarau ni chungu, ingawa kima na ndege hulipenda. Ni ndugu wa mcheri wa Ulaya, lakini kwake ni msitu wa mlimani, kwenye ukungu.

Balaa lake ni gome, kwa kuwa ni dawa ya wanaume wazee wanaosumbuliwa na mkojo. Gome ndilo hupitisha chakula kutoka majani hadi mizizi. Ukilichuna kuuzunguka mti wote, mizizi hufa njaa huku majani yangali mabichi.

Nilipohamishiwa Tarakea tulikuwa na mti mama mmoja tu, yaani mti wa kuchukulia mbegu. Asubuhi moja tuliukuta umechunwa pande zote, na juu matunda hayajaiva.

"Utaivisha kabla ya kufa?" nikamuuliza Bwana Misitu, ofisa wa misitu wa huko.

"Mimi si mti," akajibu. Lakini kila asubuhi alinitangulia kwenda kuutazama. Majani yalianza kudondoka.

Matunda yaliiva. Tuliyakusanya, gari likatuharibikia, tukayaacha kwa Mama Aneti, ambaye kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, kinapakana na msitu. Aliahidi kuyamenya. Tuliporudi kesho yake, mbegu zilikuwa zimetandazwa kwenye kichanja cha kahawa, juani.

"Zimekauka mpaka zinalia!" akasema akicheka, akizitikisa kiganjani.

Bwana Misitu alikaa chini. "Mama, umezianika?"

"Yesu na Maria! Kahawa nikiianika mnanisifu, hizi mnaninunia?"

Nilimweleza taratibu: kahawa huanikwa ili idumu, bali mbegu ya mkondekonde ikikauka imekufa. Hupandwa mbichi. Mama Aneti aliacha kucheka.

"Nyingine zimo kwenye ungo, chini ya mgomba," akasema polepole. "Nilichoka kumenya."

Zilikuwa bado na nyama yake. Tulizimenya wote watatu na kuzipanda siku ile ile, kivulini. Wiki zikapita, kitalu kitupu. Nilipofukua mbegu moja kwa kidole, Bwana Misitu alinifokea: "Ukilichungulia yai kila saa, kuku atalalia nini?"

Zikaota chache. Mti mama ulikauka kabla ya mvua.

Sasa nimestaafu. Miche ile iko kwenye vihamba vya watu, mmoja kwangu. Vijana hunipongeza kwa ukuaji wake, nami hufurahi, kisha huzunguka shina nikipapasa gome. Mti mwembamba hauna adui. Wangu umefikia unene wa kutamaniwa.