Saumu ya Baba

Mwaka ule Ramadhani ilipokwisha, baba aliendelea kufunga. Alianza na sita za Shawali, jambo la kawaida mtaani kwetu Kariakoo. Zilipokwisha akashika Jumatatu na Alhamisi, halafu ikawa kila siku. Alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu barazani, na muuza kahawa akimkaribisha, yeye huinua mkono tu: "Nimefunga."

Sifa zikaanza. Jirani yetu muuza nazi akawa anakuja kuombewa dua. Mama alitembea kifua mbele, mume wake mcha Mungu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu, napika futari, naosha vyombo. Muhogo ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Tende moja aliitafuna mpaka nikachoka kumtazama, kisha akaitema kwenye leso.

Nilimwambia mama. Akanijibu, "Baba yako ameshaacha tamaa ya dunia. Unataka ale kama hamali wa bandarini?"

Adhuhuri moja nikamkuta baba uani, ameshika nguzo, bakuli la uji miguuni. Uji ulikuwa umemkwama. Alijaribu kuuteremsha kwa maji, yakamrudi puani.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu kabla ya mwezi mtukufu. Usimwambie mtu, mwanangu. Wameshanizoea hivi."

Nilimkasirikia, na hasira ile ninayo mpaka leo. Kesho yake nilimpeleka hospitali. Daktari alisema kansa imeziba njia ya chakula na tumechelewa mno. Akauliza ilikuwaje nyumba nzima isione mtu anakonda. 

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyonong'ona wanawake msibani. Lakini baba hakuyaficha peke yake. Mtaa mzima ulimsaidia, tena kwa furaha.

Siku ya hitima muuza nazi alikula pilau mpaka akalegeza shuka. Alipomaliza akasema mbele ya wote kwamba marehemu alikuwa mtu wa saumu, mlango wa pepo umemfungukia. Wakaitikia amina. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la pili.

"Baba hakuwa amefunga," nikawaambia. "Alikuwa na njaa."

 Mmoja wao akaomba kachumbari.