Kidonge Kilichotoka Kizima

Kabla sijaja kambi ya wakimbizi ya Kakuma kugawa dawa, nilikaa miaka miwili kwenye maabara Nairobi, nikijifunza kubuni vidonge vinavyotoa dawa polepole mwilini. Changu kilikuwa na ganda gumu lisiloyeyuka, lenye kitundu kidogo sana. Maji ya tumboni hupenya, dawa husukumwa nje kidogo kidogo kutwa nzima, na mwishowe ganda hutoka lenyewe. Nyumbani Lodwar mama aliniuliza linatokea wapi. Nikamwambia amalize kula kwanza.

Zahanati yetu Kakuma ilikuwa ikitoa vidonge vya presha vya namna hiyo. Mgonjwa mmoja, mama Mkongo anayeongoza kwaya kanisani, presha yake ilikataa kushuka. Kila mwezi nampima, iko kule kule juu.

"Mama, dawa unameza?"

"Kila asubuhi, dokta. Sikosi hata siku moja."

Nikamwomba anionyeshe. Akafungua mkoba, akatoa pakiti tatu. Mbili hazikuwa zimeguswa.

"Sasa unameza nini?"

Alitazama mlango, akashusha sauti. "Dawa yenu iko nguvu. Inatoka nzima vile iliingia. Naiosha na sabuni, naimeza tena. Kutupa kitu kizima ni zambi."

Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza, na nilikaa huko kidogo. Nilipoinuka nilimwuliza kama ningeweza kukiona hicho kidonge. Alikuwa nacho, kwenye leso safi. Anakipataje, sikuuliza. Nikavaa glavu, nikakipasua kwa wembe: kitupu. Nikapasua na kipya: kimejaa dawa. Akavitazama vyote viwili.

"Kumbe miezi yote hii nameza nyumba, na mwenye nyumba alishahama?"

Tulicheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Lakini moyoni niliona haya. Miaka miwili nilichora ganda la namna ile, na sikuwahi kumfikiria mtu atakayekutana nalo chooni. Wala siku ya kwanza nampa dawa sikumwambia kwamba ganda litatoka.

Mwezi uliofuata presha yake ilikuwa imeshuka. Wiki ile ile wakaja akina mama watatu wa kwaya, kila mmoja na leso safi iliyokunjwa, wote wakitazama sakafu.

"Tumetumwa na mwalimu wetu wa kwaya," mmoja akasema.

Nikafunga mlango, nikawavutia viti.