Mtamba wa Injinia Simeo

Wivu wa Simeo Shekalaghe haukuwa wa mke wala wa nyumba. Alimwonea mwenzake Awadhi wivu kwa sababu ya ng'ombe mmoja, na alianza kumwonea tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Mtu mwenyewe si wa kubeza. Kazaliwa Vugiri, kasomea uhandisi, kaingia kazini enzi zile intaneti inapita kwenye waya wa simu ya mezani na modemu inalia mpaka majirani wanauliza kuna nini. Simu za mkononi zilipokuja, yeye ndiye aliyeunganisha mitambo ya minara kuanzia Korogwe na Hale mpaka Handeni. Mtandao ukigoma, wakubwa walimtafuta yeye. Awadhi, Mzigua wa Handeni, kazi yake ilikuwa kupanda juu ya mnara na kufunga vyombo. Kupanda tu! Simeo alikuwa akisema hivyo kila mara, na akishasema anasonya.

Lakini wakifika kwa mzee Lemayian, mfugaji aliyekubali mnara ujengwe kwenye kilima chake, mambo yaligeuka. Mzee alimwambia Simeo kwa heshima, "Karibu, injinia," kisha akamfungulia Awadhi mikono: "Pakiteng!" Awadhi naye anajibu, "Pakiteng!" Ndivyo Wamaasai wanavyoitana watu wawili wakishapeana ng'ombe. Majina yao yanawekwa kando, wanaitana hivyo mpaka kufa. Simeo alijifanya anakagua betri, kumbe roho inamuuma.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ng'ombe mwenyewe alikuwa aende kwake. Siku mnara ulipowaka mara ya kwanza, Lemayian aliongea na mdogo wake ambaye hakuwa amesikia sauti yake kwa miaka. Akalia mbele za watu, akaingia zizini, akatoka na mtamba mwenye baka jeupe usoni. Akamnyooshea Simeo kamba.

Simeo, mtu wa kanuni, akarudisha mikono nyuma. "Asante sana, mzee, ila kazini haturuhusiwi kupokea zawadi."

Lemayian akabaki kasimama na kamba yake, boma zima likimtazama. Awadhi akasogea, akamnong'oneza kitu, akaipokea.

"Mlafi mkubwa yule," Simeo alimwambia mkewe, Yasinta, na hakuacha kusema.

Sasa amebakiza siku chache astaafu, na safari yake ya mwisho ikawa ya mnara uleule, kuubadilishia mitambo upate intaneti ya kasi. Safari hii akapanga apitie mnadani, anunue mtamba, ampakie kwenye pikapu.

"Mtu mzima na mvi zako, unagombea ng'ombe?" Yasinta alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Sigombei ng'ombe. Nataka na mimi niitwe."

Awadhi alimwona mtamba nyuma ya gari, akachukua mkanda wake, akapanda mnara. Walifanya kazi mpaka mchana, mitambo ikakubali, na Nkoile, mke wa mzee, akamwona mjukuu wake wa Dodoma anacheka kwenye kioo cha simu bila picha kukwama. Hapo Simeo akamshusha mtamba, akamnyooshea Lemayian kamba.

"Mzee, nimekuletea. Siku za kazini zimeisha, kanuni hazinihusu tena."

Lemayian akaitazama kamba, akamtazama Awadhi, akaangua kicheko. "Sasa injinia, na wale wako utawapeleka wapi?"

Akanyoosha fimbo kundini. Kila ilipopita, ilisimama kwenye baka jeupe usoni: mabinti wa yule mtamba wa kwanza, wajukuu zake, vitukuu vyake.

"Siku ile nilitamani ardhi inimeze," mzee akasema. "Awadhi akaniambia, 'Nampokelea mwenzangu. Kanuni zikimwachia, atakuja.' Akaniachia mtamba, nami nimekuchungia. Ng'ombe wa Awadhi ni mwingine kabisa, nilimpa baadaye, kwa kunisitiri."

Simeo akakosa pa kuuweka uso wake. Ungedhani wivu uliishia hapo. Wapi! Ulimpanda upya, mkali kuliko ule wa zamani. Hata wema huu aliufanya Awadhi, tena kaukalia kimya miaka yote huku anaitwa mlafi.

Lemayian akaipokea kamba. "Pakiteng," akamwita.

Ndilo jina alilolitamani miaka yote. Simeo akaitikia nusunusu, "Pakiteng." Akamgeukia Awadhi, aliyekuwa akikunja nyaya kando ya gari.

"Mbona hukuniambia, bwana wee?"

"Ningekwambia saa ngapi?" Awadhi akasema. "Kila nikimtaja huyo ng'ombe, ulikuwa unasonya."