Goti la Jirani Yetu wa Khuwair

Binti yangu ndiye aliyelianzisha. Ilikuwa Ijumaa, nyumbani Bawshar, tumeshakula, kila mtu kaegemea mto wake, akanisogezea simu usoni. "Mama, kumbe kuna Muairishi aliwahi kucheza mpira Maskati?" Ulikuwa ukurasa wa maisha ya beki mmoja wa kati, klabu zake zimepangwa moja chini ya nyingine. Ireland alikoanzia, Uingereza miaka mingi, Uskochi kidogo, na chini kabisa klabu ya hapa kwetu, msimu mmoja, nao haukukamilika. Sababu haikuandikwa. Nikamrudishia simu yake nikamwambia ndiyo, namjua, alikuwa jirani yetu. Sikumwambia kwamba sababu pia naijua.

Wewe nitakwambia, maana jambo hili nimelikalia muda mrefu mno.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Khuwair ya Kusini, kabla maofisi hayajaumeza mtaa. Nyumba za ghorofa moja, kuta nyeupe, tangi la maji juu ya paa. Mchana ulikuwa na sauti zake: viyoyozi vikinguruma, na muuza gesi akigonga mitungi yake kwa spana ili watu wasikie kapita. Ndani kwetu Kiswahili cha Unguja, nje Kiarabu, na Kiingereza kilikuwa kazi yangu mimi, kwa sababu ndiye niliyesomeshwa skuli ya binafsi. Bibi alinitumia kusoma karatasi za dawa. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijiona mtu mkubwa sana.

Nyumba ya pili ikahamiwa na mzungu mrefu, uso mwekundu, pua imepinda. Ami yangu, ambaye hakukosa mechi, akatwambia huyo ni beki mpya wa klabu, katoka Ireland, na kwamba kaja kumalizia mpira wake hapa. Tangu siku ile tukamwita Beki, na mwenyewe akaitikia. Alikaa peke yake, na hilo Bibi hakulivumilia. "Mwanamume peke yake ndani ya nyumba, anakula nini huyo?" Hazikupita siku mbili nikapelekwa mlangoni kwake na sahani ya samaki wa kupaka.

Sasa, kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Beki hakuyajua hayo. Akairudisha imeoshwa inang'aa, na Bibi akanuna mpaka magharibi. Ami akaenda nami kumfahamisha, na mara ya pili sahani ikarudi na mkate wa kwao, mzito, ulioumuliwa kwa magadi na maziwa ya mgando, hamira hata chembe hamna. Bibi akaukata, akaunusa, akaula na chai. "Si mbaya," akasema, "ila huyu kijana anaiogopa sukari." Beki alikuwa na miaka thelathini na nne, lakini kwa Bibi kila aliyezaliwa baada yake alikuwa kijana.

Baada ya alasiri, siku ambazo hakuwa na mazoezi, alikuja kukaa kwenye kizingiti cha geti letu. Bibi alikaa upande wa ndani kwenye kiti chake cha plastiki, lango nusu wazi, nami katikati nikitafsiri. Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha yake. Alivuka kwenda Uingereza ana miaka kumi na sita na begi moja, akalala kwa mama mmoja aliyekodisha vyumba kwa wachezaji wachanga, na asubuhi kazi yake ilikuwa kusafisha viatu vya wakubwa. Hakuwahi kuwa nyota. Madaraja ya chini, viwanja vya matope, pua imevunjika mara mbili. Mara moja tu timu ya taifa ilimwita, akakaa benchi dakika zote tisini, akarudi na jezi kavu.

Bibi alitaka kujua beki hasa anafanya nini. Nikamweleza. "Kwa hiyo kazi yake kuzuia tu?" Kuzuia tu, Bibi. "Na akizuia vizuri, nani anamsifu?" Nilipomfasiria, Beki alicheka mpaka akajishika ubavu. Akasema hakuna, mtu humkumbuka beki siku aliyokosea. Bibi akatikisa kichwa polepole. "Mwambie basi kazi yake kama yangu," akasema, na kutoka siku hiyo akampenda kwelikweli.

Lakini lililokuwa moyoni mwa Beki ni baba yake. Mzee alifuga ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wanataka kukamwa asubuhi na jioni, hawajui Jumamosi wala sikukuu. Miaka yote ile mwanawe alipokuwa akicheza ng'ambo, mzee hakupata hata siku moja ya kumwona uwanjani. Alimsikia redioni tu, tena kwa nadra. Sasa kazeeka, ng'ombe kawauza, na amekata tiketi kuja Maskati kuangalia mechi ya mwisho ya msimu, ambayo pia ingekuwa ya mwisho ya mwanawe. Beki alituonyesha siku ile kwenye kalenda ya jikoni kwetu, kaweka kidole na kukibakisha pale.

Zikiwa zimebaki mechi nne, goti lake la kulia likavimba. Ami aligundua kwa namna alivyokuwa akiteremka kwenye gari. Bibi hakuwahi kusubiri kuombwa. Akachemsha mafuta ya ufuta na kitunguu thomu, nyumba nzima ikanuka, Beki akalazwa kwenye zulia la majlisi, chumba chetu cha wageni. Bibi asingeweza kumgusa mwanamume asiye wake, kwa hiyo akasimama nyuma ya mlango akawa anatoa amri, na mikono ikawa ya ami. "Shuka chini ya kilegesambwa, hiyo pia ya goti. Siyo hapo, unampapasa tu, mchue. Akilia mwache alie." Nami nikawa nafasiri yale yaliyofaa kufasiriwa. Siku tatu mfululizo walifanya hivyo, na Beki alisema anapata nafuu. Kisha akaniangalia mimi, si ami, akasema taratibu ili nielewe: asiambiwe mtu. Kocha alikuwa akitafuta kisingizio cha kumweka kijana mwengine, na goti hilo lingemtosha. Nikamfikishia Bibi neno kwa neno. Bibi akaweka mkono kifuani akasema halitoki.

Na wallahi kwa ufahamu wake halikutoka. Jumatatu iliyofuata Bibi akaita kisomo cha Yasini. Wanawake wa mtaa walikuja na mabuibui yao, udi ukafukizwa, sambusa na mkate wa kumimina vikapangwa kwenye sinia. Kabla ya kuanza ni lazima useme unamsomea nani na ana nini, ili kila mmoja atie nia. Bibi akasema: jirani yetu huyu wa mpira, goti lake la kulia. Mmoja akauliza, "Si Muislamu huyo, Bibi?" Bibi akamjibu, "Goti halina dini, soma." Wakasoma kwa sauti nzuri, nami pamoja nao, na niliona raha kabisa. Kwa Bibi, kumwombea mtu na kumsema mtu vilikuwa vitu viwili mbali. Asingediriki kufikiri kwamba dua inaweza kutoka mlangoni ikatembea. Mmoja wa waliokaa pale, karibu na sinia, alikuwa mke wa katibu wa klabu.

Yule mama hakuwa na ubaya. Alifika nyumbani akamuuliza mumewe, maskini yule mchezaji wenu, goti linaendeleaje? Jumatano Beki akaitwa kwa daktari, goti likakunjwa na kukunjuliwa, na jibu likawa hachezi tena msimu huu. Ami alikuja na habari hiyo na jinsi ilivyofika klabuni. Bibi alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka hakukuwa na kibaya hata kimoja, kisha akaanza upya.

Baba yake akafika, tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Mzee mfupi, kofia ya kitambaa, mikono mikubwa isiyojua iwekwe wapi. Siku ya mechi ami alitupeleka sote. Beki alikaa jukwaani kando ya baba yake na shati lililopigwa pasi, mimi nyuma yao. Kila wenzetu waliposhambuliwa, mguu wake wa kulia ulisogea wenyewe juu ya saruji. Katikati ya kipindi cha kwanza mzee akamuuliza kitu. Akamuuliza: wewe ungekuwa umesimama wapi? Beki akanyoosha kidole, pale, mbele kidogo ya boksi. Mzee akashusha ukingo wa kofia yake ili jua la jioni lisimchome machoni, na tangu hapo hakuufuata mpira tena. Aliangalia pale mpaka filimbi ya mwisho. Mimi mtoto nililia, nikasingizia vumbi.

Siku mbili baadaye walikuja kuaga. Bibi alipika kama anayeoza binti, biriani, maandazi, halwa, kisha yeye mwenyewe hakutia kitu mdomoni. Ami alipotoka kufuata kahawa, Bibi akaniita karibu na mlango wa majlisi. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mwambie mimi ndiye niliyelisema goti lake. Mwambie namuomba radhi, mbele ya baba yake. Nna haki yake shingoni mwangu, na hiyo Mola hanisamehe mpaka asamehe yeye."

Nikawageukia. Beki alikuwa akitabasamu, anasubiri. Mzee, mwana wa watu, anatafuna, kafurahi. Na mimi nikaogopa. Niliogopa uso ule usije ukabadilika, wakaondoka wakiwa wametuchukia, na Bibi akaona. Nikasema kwa Kiingereza: Bibi anasema muongeze wali. Beki akajibu kwamba amecheza nchi tatu kabla ya hii na hajapata jirani kama yeye. Bibi akauliza anasemaje. Nikamwambia, "Anasema amekusamehe."

Bibi akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Akasema alhamdulillahi, akasema tena, kisha akaketi chini na kuomba sahani.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, Al Khoudh, Bibi akaugua ugonjwa wake wa mwisho. Watu wa zamani walikuwa hawaondoki duniani na deni la moyo. Alituweka mmoja mmoja, akawahesabu kwa vidole watu wote aliowahi kuwakosea, wengine wako Unguja tangu utoto wake, tuwapigie simu tumuombee radhi. Alipofika kidole cha jirani wa mpira akakiruka. "Huyo tulimalizana," akasema, akanibana mkono kunishukuru. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nilimnywesha maji tu.

Khuwair ile haipo. Nyumba yetu sasa ni ofisi ya bima, majlisi wameweka kaunta. Hapa Bawshar nyumba ni kubwa na kuta ni ndefu, majirani nawajua kwa magari yao, na mwaka wa nne huu hakuna sahani iliyotoka wala kuingia. Kisomo siku hizi tunatumiana kwa simu, kila mtu anasoma kwake na kuandika amina. Hakuna anayesikia sauti ya mwenziwe, na kwa hivyo, nadhani, hakuna tena siri ya mtu itakayotoka na dua.

Usiku wa Ijumaa ile sikulala vizuri. Kesho yake nikarudi kwenye ukurasa ule, nikaona anafundisha watoto mpira mjini kwao, nikamwandikia kupitia timu yao. Nilieleza yote, kisomo, sambusa, mke wa katibu, na uongo wangu. Jambo moja tu lilinishinda kuandika, kwamba Bibi amekwisha tangulia.

Jibu lilikaa siku tisa. Aliandika kwamba miaka yote alidhani ni yule kijana aliyechukua nafasi yake ndiye aliyemsema, na alimchukia bure. Aliandika kwamba baba yake alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na kwamba ndiyo, iliuma, hataki kunidanganya, iliuma zaidi ya goti. Halafu akaacha nafasi, akaandika mstari mmoja: mfikishie bibi yako kwamba nimemsamehe, na usimfasirie kitu kingine.

Nilikuwa jikoni, peke yangu, watoto skuli. Nikafunga bomba. Nikasema kwa sauti, kama mtu aliye nyuma ya mlango ananisikia: "Bibi, anasema amekusamehe."

Maneno yale yale. Safari hii alikuwa ameyasema.